Makao ya wazee: Kituo hupimwa kwa mzee asiyeweza kusema

Familia nyingi hazipangi kumpeleka mzazi kwenye makao ya wazee. Jambo hilo huzikuta njiani. Mama anaanguka bafuni na kuvunjika nyonga, hospitali inasema ataruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa, na nyumbani kwenyewe ni ghorofa ya nne isiyo na lifti, watoto wawili wa shule na msichana wa kazi ambaye tayari amelemewa. Au baba aliyezoea kuishi peke yake mashambani anaokotwa na mtu wa boda boda saa tisa usiku, akitafuta nyumba aliyohama miaka 40 iliyopita. Kufikia hapo, watoto wake huwa na siku tatu za kuamua jambo ambalo lingehitaji miezi mitatu.

Haraka hiyo ndiyo huzaa majuto. Ndugu mmoja anatafuta kwenye simu, anapata picha za bustani na vitanda vilivyotandikwa shuka nyeupe, anapiga simu, anauliza bei, na Jumamosi familia inapanda gari kwenda kuona. Meneja anawapokea getini, anawatembeza, anawapa chai. Jumatatu mzee anahamia. Yale ambayo yangewaonyesha kama atatunzwa vizuri au la, hakuna aliyeyatazama.

Juu ya haraka kuna aibu. Katika jamii nyingi za Kenya, kumpeleka mzazi kwenye kituo bado huhesabiwa kuwa ni kumtupa. Kwa hiyo wengi hufanya kimya kimya. Hawaulizi majirani, hawaulizi watu wa kanisani wala msikitini, hawaulizi hata binamu ambaye alipitia jambo hilo hilo mwaka jana. Mficha uchi hazai. Familia inayoona haya kuuliza huishia kuchagua gizani, na baada ya kuchagua huona haya hata kumtembelea mzee, kwa kuogopa kuonekana inakotoka.

Uamuzi wenyewe ni wa kila familia. Mama aliyevunjika nyonga anayeachwa peke yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, kwa kuwa kila mtu ameenda kazini, naye pia ametupwa, ingawa yuko sebuleni kwa mwanawe. Swali linalobaki ni jinsi ya kujua kama mahali anapopelekwa patamtunza.

Hakuna nyota za kuhesabu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini Kenya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Haki hiyo haimwachi mzee nje ya geti la kituo. Anaingia nayo.

Katika nchi nyingine, familia husaidiwa kuchagua. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliweka haki za wazee walio katika vituo, na wakaguzi hufika bila kutoa taarifa. Tangu mwaka 2008, kila kituo kinachopokea malipo ya bima za afya za serikali ya huko hupewa nyota kuanzia moja hadi tano, kwa kuangalia ukaguzi, idadi ya wahudumu na hali ya afya ya wazee wenyewe. Uingereza nako wakaguzi huandika ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Wakenya wengi walio ng'ambo wanazijua taratibu hizi vizuri, kwa kuwa wao ndio wahudumu wanaofanya kazi katika vituo hivyo.

Mtu anayetafuta makao Kiambu, Nakuru au Mombasa hana nyota za kuhesabu. Ana macho, pua na masikio yake, na ana uhuru wa kuchagua saa ya kufika. Akivitumia vizuri, ataona mengi.

Saa ya kufika ni nusu ya ukaguzi

Ziara ya Jumamosi saa tano asubuhi, iliyopangwa kwa simu siku mbili kabla, humwonyesha mgeni kile alichoandaliwa. Sakafu imepigwa deki, wazee wameogeshwa, na wahudumu wote wako kazini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ziara hiyo ina faida yake, lakini isiwe ya pekee.

Ziara ya pili iwe wakati wa chakula cha mchana, bila taarifa. Hapo ndipo mtu huona kama mzee mwenye mikono inayotetemeka analishwa, au sahani inawekwa mbele yake na kuondolewa baada ya dakika 20 ikiwa bado imejaa. Ataona kama mhudumu anayelisha ameketi na kumtazama mzee, au amesimama, kijiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ataona kama mzee aliyepata kiharusi ameketishwa wima anapokula. Mzee anayelishwa akiwa amelala huweza kuvuta chakula hadi mapafuni, na nimonia inayotokana na hilo huua.

Ziara ya tatu iwe jioni baada ya saa moja, au Jumapili alasiri. Wakati huo meneja hayupo, wauguzi wa mchana wameondoka, na kituo kinabaki na watu wake halisi. Ni jambo la kawaida kituo kuomba wageni wasiingie vyumbani wakati wazee wanaogeshwa au wamelala. Lakini kituo ambacho geti lake halifunguki kamwe bila miadi, hata kwa mtoto wa mzee anayeishi humo, kimekwisha kujibu swali.

Yule wa chumba cha mwisho

Katika kila kituo kuna mzee mmoja au wawili ambao wageni hukutanishwa nao. Wanatembea wenyewe, wanacheka, wanasimulia habari za zamani. Wazee hao ni wa kweli na furaha yao ni ya kweli. Hata hivyo, mtu anayeweza kuongea anaweza kuitisha maji. Anaweza kulalamika kwa mwanawe. Ubora wa kituo hauonekani kwake.

Unaonekana kwa yule wa chumba cha mwisho, ambaye hawezi kugeuka kitandani, hawezi kusema kwamba ana kiu, na hawezi kukumbuka kesho yake kwamba jana alipigwa kofi. Familia iombe kuona, kwa adabu, wanakokaa wazee wasioweza kuinuka. Wabishe hodi, wamsalimie mzee hata kama hajibu, wasipige picha. Chumba hicho ni nyumbani kwake.

Dakika mbili hapo zinatosha kuonyesha mengi. Je, midomo yake imekauka na kupasuka? Kikombe cha maji kiko mahali ambapo mkono wake unafika, au kiko mezani upande wa pili wa chumba kama pambo? Kucha zake zimekatwa? Meno au ufizi wake husafishwa? Amefunikwa vizuri, au gauni limepanda na mlango uko wazi? Mhudumu anapoingia, anamwambia anachotaka kumfanyia kabla ya kumshika, au anamgeuza kama gunia?

Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili au kadiri muuguzi atakavyopanga, ili asipate vidonda vya kulala. Vituo makini huwa na karatasi karibu na kitanda, ambapo mhudumu huandika saa na upande aliomgeuzia mzee. Familia iulize kama inaweza kuiona. Ikiwa ni saa nne asubuhi na karatasi tayari imejazwa hadi jioni, hakuna haja ya kuuliza swali lingine.

Harufu nayo husema, ila isikilizwe kwa haki. Harufu ya mkojo karibu na kitanda kimoja ina maana kwamba mzee mmoja amejikojolea na anakaribia kubadilishwa. Hiyo ni hali ya kawaida mahali penye watu 20 wanaovaa nepi. Harufu inayomlaki mgeni mlangoni na kumfuata kila chumba ina maana kwamba nepi hubadilishwa kwa ratiba ya kituo, au kwa idadi ya nepi zilizobaki, mzee akingoja. Na harufu kali ya dawa ya kusafishia saa zote inafaa kumfanya mgeni ajiulize inafunika nini.

Ukimya si amani

Wageni wengi hupenda kituo kilicho kimya. Wazee wameketi kwa mstari mbele ya televisheni, hakuna anayelalamika, hakuna anayezurura. Ukimya huo unaweza kuwa usingizi wa baada ya chakula. Unaweza pia kuwa wa dawa.

Mzee mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huzunguka, huuliza swali moja mara 30, na jioni hutaka kwenda kwao. Kumtunza kunachosha. Kituo chenye wahudumu wachache hushawishika kumpa dawa ya kumtuliza, au kumfunga kwa kanga kwenye kiti ili asianguke. Mwaka 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo zinapotumiwa kwa wazee wenye dimensia. Madaktari bado huziandika pale inapolazimu, na familia haipaswi kuzikatiza yenyewe. Inachopaswa ni kuuliza kila dawa iliandikwa na daktari gani, kwa ajili ya nini, na itaangaliwa upya lini. Kituo kiwe na karatasi ya dawa ya kila mzee, yenye sahihi ya aliyempa na saa aliyompa.

Swali zuri la kumwuliza meneja ni hili: mzee akikataa kuoga, mnafanyaje? Anayejibu kwamba huwa wanamlazimisha maana ni lazima awe safi, amesema jambo moja. Anayejibu kwamba huwa wanamwacha, wanarudi baada ya nusu saa, au wanamtafuta mhudumu anayemzoea, amesema jambo jingine kabisa.

Lugha ya mama

Jambo moja husahaulika mara nyingi mijini. Mzee mwenye dimensia anaweza kupoteza lugha alizojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kiingereza miaka 35 anaweza kufika mahali ambapo anaelewa Kikamba pekee. Akiwekwa kati ya wahudumu ambao hakuna hata mmoja anayeijua lugha hiyo, atasema mgongo unamuuma na wao wataandika kwamba anapiga kelele.

Kwa hiyo familia iulize ni lugha zipi zinazozungumzwa na wahudumu wa mchana na wa usiku. Kama hakuna anayejua ya mzee, familia inaweza kuandika maneno 20 ya lazima, kama maji, choo, baridi, maumivu, njaa na usiogope, na kuyabandika karibu na kitanda. Iandike pia mzee anavyopenda kuitwa. Mama aliyeitwa kwa jina la kifungua mimba wake kwa miaka 50 hatajigeuza mtu akimwita kwa jina la kitambulisho. Na mhudumu anayemwambia mtu wa miaka 84 kwamba ni mtoto mtundu, hata kama anatabasamu, amemvua heshima mbele ya wageni. Familia ijiulize anamwitaje wageni wakiondoka.

Mikono ya usiku

Mzee hatunzwi na bustani. Anatunzwa na mikono, na mikono inayojulikana kidogo zaidi ni ya usiku. Swali la idadi lisiishie kwenye jibu kwamba wapo wa kutosha. Usiku wa leo kuna wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi? Wanakaa macho au wanalala? Kuna muuguzi ndani ya kituo, au anaitwa kwa simu? Mzee akianguka saa nane usiku, nani anaamua kama aende hospitali, hospitali gani, kwa gari gani?

Muuguzi anayetajwa awe na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na familia ina haki ya kuomba kuiona. Wahudumu wa kawaida huenda wasiwe wauguzi, na si vibaya, mradi wamefundishwa kumwinua mzee, kumlisha na kutambua hatari.

Ni vyema pia kuzungumza na mhudumu mwenyewe kando ya meneja. Amekuwa hapo muda gani? Mwenzake aliyetangulia aliondoka lini? Zamu yake ni ya saa ngapi? Kituo kinachobadilisha wahudumu kila baada ya miezi miwili ni kituo ambacho mzee huogeshwa na mgeni kila mara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba wafanyakazi wawili kati ya kila watatu katika makao kama haya walikiri kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Wengi wao hawakuingia kazini na roho mbaya. Mtu aliyekesha zamu mbili mfululizo, anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa, aliyeachiwa wazee 15 peke yake, hufika mahali ambapo mkono unatangulia akili. Familia inayouliza jinsi wahudumu wanavyolipwa na kupumzishwa inamwulizia mama yake.

Chukua mfano wa ndugu watatu wanaochagua kati ya vituo viwili. Cha kwanza kina vigae vipya, televisheni kubwa na bustani ya maua. Meneja anajibu kila swali kwa kusema hilo halina shida. Wazee wako kumi mbele ya televisheni, na hakuna hata mmoja anayeitazama. Cha pili kina makochi yaliyochakaa na bati linalolia mvua ikinyesha. Jikoni, bibi mmoja anachambua maharagwe pamoja na mpishi, polepole, akirudia punje zile zile. Mhudumu anachuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu. Msimamizi anapoulizwa kuhusu usiku anasema huwa wako wawili kwa wazee 14, kisha anaongeza kwamba mwezi uliopita mmoja aliugua na kwa usiku mbili alibaki mtu mmoja, wakamwita muuguzi aje alale. Ndugu mkubwa anapenda cha kwanza kwa sababu wageni watakaokuja kumwona mama hawatamsema. Lakini kituo kilichokiri upungufu wake ndicho ambacho siku mama akianguka kitapiga simu na kusema kweli.

Na mama mwenyewe aulizwe. Kama bado anaelewa, apelekwe kuona, aketi na wenyeji, anywe chai yao. Mzee anayefikishwa kwa kudanganywa kwamba anapelekwa kliniki hupoteza nyumba na imani kwa watoto wake siku moja.

Karatasi kabla ya pesa

Mkataba usomwe nyumbani, na zaidi ya mtu mmoja, kabla ya kulipa chochote. Ada ya mwezi inajumuisha nini? Nepi, dawa, ziara za daktari, mazoezi ya viungo na kufuliwa nguo huwa mara nyingi nje ya ada, na jumla yake huweza kuishtua familia mwezi wa pili. Amana ya kuingia inarudishwa? Mzee akilazwa hospitalini wiki tatu, familia inaendelea kulipa? Ada itapanda lini, na kwa taarifa ya muda gani? Akifariki, kituo kitafanya nini katika saa za kwanza?

Ndugu nao waandikiane. Nani analipa kiasi gani, nani anapigiwa simu usiku, nani anaamua kuhusu upasuaji. Mambo haya yakiachwa hewani, ugomvi wa watoto huhamia kando ya kitanda cha mzazi. Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyesajiliwa, ni za mzee. Ijulikane nani anazipokea kwa niaba yake na anazitumia kwa ajili gani.

Ukaguzi hauishi siku ya kuhamia

Kuna familia zinazochagua kituo kizuri, kisha zinapotea. Ada inafika kwa M-Pesa kila mwezi, lakini hakuna anayefika. Baada ya muda, hata mhudumu mwema hujua mzee yupi ana wageni na yupi hana, na siku ambayo maji ya moto hayatoshi wote, si vigumu kukisia nani atakayeogeshwa kwa maji baridi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari dogo, la shilingi chache, linatosha. Kila anayekwenda aandike tarehe, saa, mzee alikuwaje, alikula nini, uzito wake wa mwisho ulikuwa kilo ngapi. Wataalamu wa matunzo ya wazee huchukulia kupungua kwa asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, kuwa ni dalili ya hatari. Kwa mama wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3 tu. Bila kuandika, hakuna atakayeziona.

Mwili wake utazamwe pia, kwa heshima, labda binti akimsaidia mama kuvaa au kijana akimpaka baba mafuta. Visigino, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, mabega, viwiko na kisogo ndiko vidonda vya kulala huanzia. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Kinachotafutwa ni sehemu iliyokoza rangi kuliko ngozi ya jirani, au yenye zambarau, yenye joto, iliyokuwa ngumu au laini kupita kawaida, au inayomfanya mzee akunje uso ikiguswa. Ikigunduliwa hapo, inaokolewa. Ikiachwa, kidonda hufika kwenye mfupa.

Mkojo wenye rangi nzito na midomo mikavu huonyesha upungufu wa maji, na wazee hupungukiwa haraka kwa kuwa uzee hupunguza hisia ya kiu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, asiambiwe kwamba ni uzee. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, au dawa isiyomfaa, na anahitaji daktari siku hiyo.

Ndugu walio mbali nao wana kazi. Simu ya video isiishie kwenye uso. Aliye Dubai au Minnesota aombe kuona sahani ya leo, miguu ya baba, kikombe cha maji. Apige siku tofauti na saa tofauti. Aliye karibu apokee shukrani ya wenzake mara kwa mara, kwa sababu naye anachoka.

Mambo yakiharibika

Si kila kasoro ni dhuluma. Sweta lililopotea, uji uliopoa, simu iliyochelewa kupokelewa, hayo huzungumzwa na msimamizi kwa utulivu, na huandikwa kwenye daftari. Namna kituo kinavyopokea lalamiko dogo ni kipimo bora kuliko maneno yake yote ya siku ya kwanza. Kinachosema asante na kurekebisha kinastahili kuaminiwa. Kinachomwambia mzee kwamba watoto wake ni wasumbufu kimejifichua.

Lakini alama ya vidole mkononi, jeraha lisilo na maelezo, mzee anayejikunja mhudumu fulani akiingia, au maelezo yanayobadilika kutoka kwa mtu hadi mtu, hayo hayangoji mkutano wa familia. Mzee apelekwe hospitali ili daktari aandike alichokiona, picha zichukuliwe zikiwa na tarehe, na taarifa ipelekwe polisi na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo hilo. Kama hatari ni kubwa, mzee aondolewe siku hiyo hiyo. Amana inaweza kudaiwa baadaye.

Wazazi wenye watoto wadogo hujiuliza kama wawapeleke kumwona nyanya au babu mahali kama hapo. Wapelekwe, wakiwa wameelezwa mapema kwamba nyanya huenda asiwakumbuke majina. Mtoto wa miaka minane anayemwona babake akimkata nyanya yake kucha Jumapili alasiri anaona jinsi mtu mzima anavyotunza mtu mzima. Na mhudumu anayepita mlangoni na beseni lake naye anaona, na anajua kwamba mzee wa chumba hiki ana wenyewe.